Sam Mills: Mwalimu wa useremala aliyeambiwa ni mfupi mno, akaishia kuwa gwiji wa NFL

Timu 2 zilimtimua. Hakuna timu iliyomchagua alipomaliza chuo. Sababu ilikuwa moja tu, kimo chake. Sam Mills alikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 9, yaani kama sentimita 175, kwenye nafasi ambayo timu nyingi zilitaka mtu wa futi 6 na zaidi.

Lakini jamaa huyo huyo alikuja kucheza misimu 12 kwenye ligi ya NFL ya Marekani, akaitwa mara 5 kwenye mechi ya nyota wa ligi, na leo jina lake lipo kwenye Ukumbi wa Magwiji wa futiboli. Hata wasiojua lolote kuhusu mchezo wake wanayajua maneno 2 aliyowaachia wachezaji wake akiwa anaumwa saratani.

Hii hapa safari yake, hatua kwa hatua.

Kwanza, lainibeka ni nani?

Kama wewe ni mtu wa kandanda tu, usiwe na wasiwasi. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kwenye uwanja wenye urefu wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea mbele angalau yadi 10. Ikifaulu, inapewa majaribio mengine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja kunaitwa tachidauni na kunaleta pointi 6.

Sasa, upande wa ulinzi una safu 3. Mbele kabisa wanakaa mapande ya watu, wale wazito wanaosukumana. Nyuma kabisa wanakaa wenye mbio. Katikati ya makundi hayo ndipo anaposimama lainibeka.

Kazi yake ina sura nyingi. Mpinzani akikimbia na mpira, lainibeka ndiye wa kumwangusha. Mpira ukirushwa, anatakiwa arudi nyuma azuie. Na kama kwotabeki, yule anayepokea mpira kwanza na kuamua auelekeze wapi, amezubaa, lainibeka anaweza kumvamia kabla hajaurusha.

Lainibeka wa kati ana jukumu jingine tena. Yeye ndiye anayewapanga wenzake. Anasoma wapinzani wamesimama vipi, anakisia wanataka kufanya nini, halafu anapiga kelele kuwahamisha wenzake kabla mpira haujaanza. Ni kama nahodha wa ulinzi. Hiyo ndiyo nafasi aliyocheza Mills.

Kwa nini basi urefu ulihesabika sana? Wenye timu waliamini kuwa mtu mfupi hataona juu ya vichwa vya wale wazito wa mbele, hatafikia mipira inayorushwa juu, na atasukumwa kama gunia na wapinzani wakubwa. Kila timu ilikuwa na vipimo vyake, na Mills hakuvifikia.

Utoto na chuo

Samuel Mills alizaliwa Juni 3, 1959, katika mji wa Neptune, jimbo la New Jersey, na akakulia Long Branch, mji mwingine wa pwani ya jimbo hilo hilo. Sekondari alicheza futiboli na pia mieleka.

Mieleka ilimsaidia kuliko watu walivyodhani. Kwenye mieleka, anayeweza kukaa chini zaidi ya mwenzake ndiye anayemnyanyua. Mills alipokuja kucheza ulinzi, hakuwa na haja ya kujikunja sana ili aingie chini ya mpinzani. Tayari alikuwa chini. Mtu wa futi 6 na inchi 4 akija kumsukuma, alijikuta amesukumwa yeye kutoka kifuani kwenda juu.

Vyuo vikubwa vya michezo havikumfuata. Alikwenda Montclair State, chuo cha New Jersey kilichokuwa daraja la 3 la michezo ya vyuo, daraja ambalo wanamichezo hawapewi ufadhili wa masomo kwa ajili ya kucheza. Huko alicheza kuanzia 1977 hadi 1980 na akaangusha wapinzani mara 501, rekodi ya chuo hicho.

Ukiangalia namba hizo peke yake, ungesema huyu ni wa kugombaniwa. Lakini daraja la 3 halina jina, na utepe wa kupimia ulisema futi 5 na inchi 9.

1981: Jina halikutajwa

Kila mwaka timu za NFL hukaa na kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, moja baada ya nyingine kwa zamu. Zoezi hilo linaitwa drafti. Mwaka 1981 drafti ilikuwa na raundi 12, na vijana zaidi ya 300 walichaguliwa. Jina la Sam Mills halikuwemo.

Cleveland Browns walimpa nafasi ya kujaribu kwenye kambi yao ya mazoezi bila kumuahidi chochote. Alijitahidi, akafika mbali, lakini orodha ya mwisho ilipotoka aliachwa. Mwaka uliofuata, 1982, akavuka mpaka kwenda Canada kujaribu bahati kwa Toronto Argonauts. Nako akatemwa kabla ligi haijaanza.

Alikuwa na miaka 23. Timu 2, nchi 2, jibu moja.

Mwalimu Mills

Maisha hayasubiri. Mills alirudi New Jersey akaanza kufundisha katika shule ya sekondari ya East Orange. Somo lake lilikuwa useremala, pamoja na upigaji picha, na jioni alisaidia kufundisha timu ya futiboli ya shule.

Hapa ndipo wengi wangefunga ukurasa. Alikuwa na kazi ya heshima na mshahara wa kila mwezi. Ndoto ya NFL ingebaki kuwa hadithi ya kuwasimulia wanafunzi, kwamba zamani mwalimu wenu alikaribia.

Lakini mwaka ule ule kuna kitu kilikuwa kinaandaliwa. Matajiri kadhaa walikuwa wanaanzisha ligi mpya, USFL, ambayo ingechezwa majira ya kuchipua wakati NFL imelala. Ligi mpya ilihitaji mamia ya wachezaji kwa haraka, na ilibidi itafute pale ambapo NFL haikutaka kuangalia.

Sam Rutigliano, kocha wa Browns aliyemkata Mills, hakuwa amemsahau. Alimpendekeza kwa Carl Peterson, aliyekuwa anaijenga timu ya Philadelphia Stars kwenye ligi hiyo mpya. Kumbe mtu aliyekufungia mlango anaweza pia kukuonyesha mwingine.

Panya wa shambani

Mills alijiunga na Philadelphia Stars mwaka 1983. Kocha wao mkuu alikuwa Jim Mora. Wenzake walimtania kwa jina la panya wa shambani, kwa jinsi alivyokuwa mdogo na alivyopenya kila mahali.

Utani ulibaki, ila dharau ilikwisha haraka. Panya huyu alikuwa anaangusha watu kila wiki. Stars walifika fainali misimu yote 3 ya ligi hiyo:

• 1983: walifungwa na Michigan Panthers 24–22.

• 1984: waliichapa Arizona Wranglers 23–3 na kutwaa ubingwa.

• 1985: wakiwa wamehamia Baltimore, waliifunga Oakland Invaders 28–24 na kutwaa tena.

Mills aliingia kwenye kikosi bora cha ligi misimu yote 3. Hakuwa tena mwalimu anayejaribu bahati. Alikuwa mmoja wa walinzi bora wa ligi nzima.

Ligi yenyewe haikudumu. Wenye USFL waliishtaki NFL kwa kuhodhi soko, wakitegemea fidia kubwa. Julai 1986 baraza la mahakama lilikubali kuwa NFL ina makosa, lakini likatoa fidia ya dola 1. Kwa sheria ya huko ikazidishwa mara 3, zikawa dola 3. Ligi ikafa hapo hapo na wachezaji wakatawanyika.

1986: Mlango wa NFL wafunguka

Jim Mora alikuwa ameshapata kazi nyingine. New Orleans Saints, timu ya NFL kutoka jimbo la Louisiana, ilimpa ukocha mkuu mwaka 1986. Na Mora alipokwenda, Mills akaenda naye.

Kwa hiyo Mills aliingia NFL akiwa na miaka 27, umri ambao walinzi wengi wanakuwa wameshacheza misimu 4 au 5. Kwa karatasi za ligi alikuwa mgeni. Kwa kichwa chake alikuwa mkongwe mwenye mataji 2.

Saints nao walikuwa na historia ya aibu. Timu ilianza kucheza mwaka 1967 na haikuwahi hata mara moja kumaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mashabiki walifikia kuvaa mifuko ya karatasi kichwani uwanjani ili wasitambulike.

Msimu wa kwanza wa Mora na Mills, Saints walishinda 7 na kupoteza 9. Msimu wa pili, 1987, mambo yakageuka. Walishinda mechi 12 na kupoteza 3, zikiwemo 9 za mwisho mfululizo, na kwa mara ya kwanza wakaingia mechi za mtoano. Miaka 20 ya kuzomewa ikafutwa. Mills mwenyewe aliitwa kwenye Pro Bowl, mechi inayowakutanisha nyota wa ligi.

Dome Patrol

Ukuta wa Saints miaka hiyo ulikuwa na malainibeka 4 waliokuja kupewa jina la Dome Patrol, yaani askari wa doria wa kuba, kwa sababu uwanja wao wa Superdome umefunikwa na paa la kuba. Walikuwa hawa:

• Rickey Jackson

• Vaughan Johnson

• Pat Swilling

• Sam Mills

Jackson na Swilling walicheza pembeni na kazi yao kubwa ilikuwa kumvamia kwotabeki. Mills na Johnson walikaa kati. Watatu walikuwa na vimo vya kawaida vya kazi hiyo. Mmoja alikuwa mfupi, naye ndiye aliyewapanga wengine.

Msimu wa 1991 na wa 1992, Saints waliruhusu pointi chache kuliko timu nyingine yoyote ya NFL. Mwisho wa msimu wa 1992, wote 4 waliitwa Pro Bowl kwa pamoja. Haikuwahi kutokea kwenye NFL timu moja kutoa malainibeka 4 kwa mkupuo. Watu wengi wa mchezo huo huwataja kama kundi bora la malainibeka kuwahi kucheza pamoja.

Kilichowauma ni mechi za mtoano. Saints waliingia mara 4 katika miaka ya Mills, yaani misimu ya 1987, 1990, 1991 na 1992, na mara zote walitolewa kwenye mechi yao ya kwanza. Ulinzi ulikuwa wa chuma, ila ushindi mkubwa haukuja.

Kwa Mora, hata hivyo, mjadala kuhusu Mills ulikuwa umefungwa. Amesema zaidi ya mara moja kuwa Mills ndiye mchezaji bora aliyewahi kumfundisha. Na Mora amefundisha wengi.

1995: Mzee kwenye timu changa

Baada ya misimu 9 New Orleans, Mills aliondoka akiwa mchezaji huru. Umri wake ulikuwa miaka 35 alipotia saini. Kwenye NFL, lainibeka wa miaka 35 kwa kawaida anatafuta kazi ya utangazaji.

Timu iliyomchukua ilikuwa mpya kabisa. Carolina Panthers ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na mwaka 1995 haikuwa hata na uwanja wake. Ilikuwa inacheza mechi za nyumbani Clemson, jimbo la South Carolina, wakati uwanja wa Charlotte unajengwa.

Timu mpya huwa zinateseka, na Panthers waliteseka. Walipoteza mechi 5 za kwanza. Oktoba 15, 1995 wakawakaribisha New York Jets.

Kwotabeki wa Jets alijaribu kuupenyeza mpira kwa pasi fupi ya karibu. Mills aliuona mapema. Akaunasa, akakimbia nao yadi 36, karibu mita 33, mpaka mwisho wa uwanja. Tachidauni. Panthers walishinda 26–15, na ule ukawa ushindi wa kwanza wa klabu hiyo katika historia yake. Hadi leo, mashabiki wa Carolina wakihesabu siku kubwa za timu yao, wanaanzia hapo.

Panthers walimaliza msimu wakiwa na ushindi 7 na vipigo 9, matokeo bora kuliko ya timu yoyote mpya kabla yao.

1996: Miaka 37 na bado kikosi bora

Mwaka uliofuata ulikuwa wa ajabu zaidi. Panthers walihamia uwanja wao mpya Charlotte na hawakufungwa nyumbani hata mara moja. Walimaliza na ushindi 12 na vipigo 4, wakatwaa ubingwa wa kundi lao. Ulikuwa msimu wao wa pili tu.

Januari 5, 1997, kwenye mtoano, waliwakaribisha Dallas Cowboys, waliokuwa mabingwa watetezi wa Super Bowl. Panthers walishinda 26–17. Katika dakika za mwisho, Mills ndiye aliyeunasa mpira wa Cowboys.

Safari iliishia Green Bay wiki moja baadaye, walipofungwa 30–13 na Packers ambao walikwenda kutwaa Super Bowl. Lakini Mills, akiwa na miaka 37, aliingia kwenye kikosi bora cha NFL nzima na akaitwa Pro Bowl kwa mara ya 5.

Alicheza msimu mmoja zaidi, 1997, halafu akastaafu akiwa na miaka 38. Katika misimu 3 ya mwanzo ya Panthers, ni yeye peke yake aliyeanza kila mechi. Vijana waliumia, wakapumzishwa, wakabadilishwa. Yeye alikuwepo.

Kocha mgonjwa

Hakuondoka klabuni. Alibaki Panthers kama kocha, na baadaye akapewa jukumu la kuwafundisha malainibeka. Ualimu ulikuwa kazi yake tangu zamani. Kilichobadilika ni darasa tu.

Agosti 2003, wakati timu ikijiandaa kwa msimu, madaktari walimwambia ana saratani ya utumbo. Alikuwa na miaka 44. Aliambiwa amebakiwa na miezi michache ya kuishi.

Mwezi huo huo lainibeka mmoja wa timu hiyo, Mark Fields, naye aligundulika na saratani ya aina nyingine. Fields alikaa nje msimu mzima akitibiwa. Wachezaji wa Panthers walivaa fulana ndani ya jezi zao zenye namba 51 na 58, moja ya Mills na nyingine ya Fields.

Mills alianza tibakemikali. Siku alizopata nguvu alikuja mazoezini kufundisha. Siku nyingine mwili ulikataa. Wachezaji walimwona akipungua, na walimwona akirudi.

Usiku wa maneno 2

Panthers hawakuwa wanatarajiwa kufika popote msimu ule. Miaka 2 nyuma walikuwa wameshinda mechi 1 tu kati ya 16. Lakini waliingia mtoano, na Januari 3, 2004 walikuwa wanawakabili Dallas Cowboys, wale wale, Charlotte kule kule.

Kabla ya mechi hiyo Mills alisimama mbele ya wachezaji. Hakuwa mtu wa kupenda hotuba. Aliwaeleza kuwa alipopewa habari ya ugonjwa, aliona njia 2 tu mbele yake. Moja ilikuwa kukata tamaa. Nyingine ilikuwa kuendelea kutwanga. Yeye alichagua kutwanga, na akawataka nao watwange.

Kwa Kiingereza maneno yake yalikuwa Keep Pounding. Kwa Kiswahili, ni kama kumwambia mtu mwenye mchi mkononi: usiuweke chini, endelea kutwanga.

Siku ya mechi Panthers waliifunga Dallas 29–10. Wakaenda St. Louis wakaishinda Rams 29–23 baada ya muda wa nyongeza mara 2. Wakaenda Philadelphia wakaifunga Eagles 14–3. Timu iliyodharauliwa ikajikuta kwenye Super Bowl.

Fainali ilichezwa Houston, Februari 1, 2004, dhidi ya New England Patriots. Mechi ilikuwa ya moto, ikabaki sare ya 29–29 hadi sekunde za mwisho. Mpigaji wa Patriots akapiga mpira katikati ya nguzo zikiwa zimebaki sekunde 4. Mwisho ukawa 32–29.

Panthers walirudi nyumbani bila kombe. Hapa si vizuri kudanganyana: hotuba ya Mills haikuleta ubingwa, na saratani haikukimbia kwa sababu ya maneno. Ila mtu aliyeambiwa ana miezi michache aliendelea kufundisha msimu wa 2003, akafundisha na wa 2004.

Sam Mills alifariki Aprili 18, 2005, nyumbani kwake Charlotte. Alikuwa na miaka 45.

Alichoacha

Mwaka huo huo Panthers waliistaafisha jezi namba 51. Mpaka sasa ndiyo namba pekee ambayo klabu hiyo imeamua isivaliwe tena na mtu. Nje ya uwanja wa Charlotte ipo sanamu yake.

Maneno yake yakawa kaulimbiu ya klabu. Yameshonwa ndani ya kola ya jezi za wachezaji. Kabla ya mechi ya nyumbani hupigwa ngoma kubwa yenye maneno hayo, na mara nyingi anayepewa heshima ya kuipiga ni mchezaji wa zamani, mtu maarufu au mtu wa kawaida aliyepitia mapambano yake. Ulianzishwa pia mfuko wa kuchangia utafiti wa saratani, nao ukaitwa Keep Pounding.

Mwanawe, Sam Mills III, alifuata njia ya ukocha na akafundisha Panthers kwa miaka mingi.

Kwa nini ilichukua miaka 20 kuingia Ukumbi wa Magwiji?

Hili ndilo swali ambalo mashabiki wa New Orleans na Carolina waliuliza kwa muda mrefu. Mchezaji wa NFL anaanza kufikiriwa kwa Ukumbi wa Magwiji miaka 5 baada ya kustaafu, na ana miaka 20 ya kubaki kwenye orodha ya kawaida. Baada ya hapo anahamishiwa kwenye orodha ya wazee, ambako foleni ni ndefu na nafasi ni chache.

Mills alikuwa na mambo kadhaa yaliyompunguzia kura:

• Hakuwahi kutwaa Super Bowl.

• Misimu yake 3 bora ya ujana ilichezwa USFL, ligi ambayo wengi wameisahau.

• Kazi ya lainibeka wa kati haina namba za kung'aa. Pat Swilling akimvamia kwotabeki, watu wanamwona Swilling. Hawamwoni aliyempanga asimame pale.

Kwa maneno mengine, alichelewa kuingia ukumbini kwa sababu alichelewa kuingia NFL, na alichelewa kuingia NFL kwa sababu ya inchi chache. Utepe ule ule wa 1981 ulikuwa bado unamfuata akiwa kaburini.

Februari 2022, ukiwa ni mwaka wake wa 20 na wa mwisho kwenye orodha ya kawaida, kura zikatosha. Agosti 6, 2022, huko Canton, jimbo la Ohio, mjane wake Melanie Mills alisimama kuzungumza kwa niaba yake. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu azikwe, na miaka 41 tangu Cleveland wamrudishe nyumbani.

Je, NFL ilijifunza?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Timu za siku hizi zinaangalia zaidi mbio, wepesi na akili ya mchezo kwa malainibeka, kwa sababu mpira unarushwa mara nyingi kuliko zamani. Walinzi wenye miili midogo kuliko ile ya miaka ya 80 wanapata kazi.

Lakini utepe bado upo. Kila mwaka kabla ya drafti, vijana wanapimwa urefu, uzito, mikono na viganja, na kuna wanaoporomoka kwenye orodha kwa sababu ya inchi moja. Makocha wanaotaka kumtetea mchezaji mfupi bado wanalitaja jina la Mills. Utepe ulimpima vizuri kabisa mwaka 1981. Kimo chake kweli kilikuwa futi 5 na inchi 9, na hakikuongezeka hata inchi moja mpaka anastaafu. Kosa halikuwa kwenye kipimo. Lilikuwa kwenye kudhani kwamba kipimo hicho kimemaliza kazi.

Sam Mills kwa ufupi

• Kuzaliwa: Juni 3, 1959, Neptune, New Jersey

• Kufariki: Aprili 18, 2005, Charlotte, North Carolina

• Nafasi: lainibeka wa kati

• Namba ya jezi: 51

• Urefu: futi 5 na inchi 9

• Uzito: pauni 229, karibu kilo 104

• Chuo: Montclair State

• Timu za USFL: Philadelphia/Baltimore Stars, 1983 hadi 1985

• Timu za NFL: New Orleans Saints, 1986 hadi 1994, Carolina Panthers, 1995 hadi 1997

• Mechi za NFL: 181

• Mipira aliyonasa NFL: 11

• Kuangusha kwotabeki kabla hajarusha: mara 20.5 (nusu huhesabiwa wachezaji 2 wanapomwangusha pamoja)

• Pro Bowl: mara 5

• Mataji: 2 ya USFL, 1984 na 1985

• Ukumbi wa Magwiji: 2022